Bustani ya Forodhani na Kisima cha Kijiji



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya bustani iliyo mbali na kwetu. Sisi wa Mlali hatuna bahari. Tuna jua, vumbi la kiangazi na kivuli cha mbuyu. Hata hivyo, bustani ya Forodhani mjini Unguja ina somo kwa kila mama anayeombwa mchango wa kujenga au kukarabati mahali pa watu wote, iwe ni kisima, zahanati au soko.

Forodhani ni eneo la wazi ukingoni mwa bahari, mbele ya Mji Mkongwe. Jina lake latokana na forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Bustani ilitengenezwa miaka ya 1930, na wakati ule iliitwa Jubilee Gardens. Jioni wenyeji na wageni hukusanyika hapo: wazazi na watoto wao, vijana wanaojirusha majini kutoka ukutani, wauzaji wa pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa. Kuingia ni bure, na jambo hilo si dogo. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana. Mama asiye na fedha ya hoteli naye ahitaji mahali pa kupata upepo na kuwaacha watoto wakimbie.

Miaka ilivyopita bustani ilichakaa, na ukuta wa kuzuia bahari ukabomoka sehemu sehemu. Mwaka 2008 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Shirika la Utamaduni la Aga Khan walianza kuikarabati, na mwezi wa Julai 2009 ikafunguliwa tena.

Tazameni kazi iliyofanyika. Mgeni huona miti, majani, taa na mahali pa watoto kuchezea. Lakini ukuta nao ulitengenezwa, mifereji na mabomba ya maji machafu yakashughulikiwa, na wauza chakula wakapangiwa eneo lao. Kazi hizo hakuna anayezipiga picha. Bila ukuta, mawimbi yangekula udongo na miti ingeanguka. Bila mifereji, watu wangekula mishikaki kando ya dimbwi.

Sisi wauguzi tunalifahamu vizuri jambo hili la dimbwi. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kilivuka hadi Zanzibar, na mwaka 2016 shule za huko zikafungwa kwa muda. Ugonjwa huo huingia kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichochanganyika na kinyesi. Maua hayauzuii. Unazuiwa na choo kinachotumika, maji safi, sabuni na mkono ulionawa.

Pengine mama mmoja atauliza: Je, ukarabati hauwezi kungoja mpaka fedha zipatikane kwa wingi? Ng'ambo ya barabara kutoka Forodhani lipo jengo maarufu la Beit al-Ajaib, lililochakaa kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na wakati mwingine hata nafasi ya kuujenga huikuti.

Sasa turudi kijijini. Mara nyingi tunaombwa mchango, tunatoa, na siku ya ufunguzi tunapiga vigelegele. Baada ya miaka miwili kisima kimezungukwa na tope, ng'ombe wanakunywa pale tunapochota, na choo cha soko kimefungwa kwa kufuli. Waumiao kwanza ni watoto wetu na sisi tunaowauguza usiku. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, tuulize maswali haya matatu:

Kwanza, maji yanayomwagika yatakwenda wapi? Kisima kinahitaji sakafu ya saruji, mfereji, na shimo la mawe la kuyanyonya maji, pamoja na uzio wa kuzuia mifugo. Uzio huo pia humlinda mtoto mdogo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo tusiseme, "Akianguka tutamsikia."

Pili, nani atasafisha na kutengeneza, na atalipwa kutoka wapi? Sabuni, ufagio na vipuri vya pampu viwekewe fedha tangu mwanzo.

Tatu, je, mama mjamzito, mzee na mwenye ulemavu watafika? Ngazi moja ndefu yatosha kumrudisha mtu nyumbani. Nao wanaouza vitumbua na karanga hapo watapewa nafasi, au watafukuzwa? Mara nyingi hao ni akina mama wenzetu, na ada ya shule ya watoto hutoka katika sinia hilo.

Maswali haya tusiyaishie kisimani wala katika kikundi chetu cha Alhamisi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Twende mapema, tukae mbele, na mmoja wetu asimame aulize mbele ya watu wote. Majibu yaandikwe katika muhtasari, pamoja na jina la mwenye dhamana. Mkutano unaofuata tumwombe asome hesabu.

Tukifanya hivyo, mchango wetu hautaishia kwenye vigelegele vya siku ya ufunguzi. Utaonekana kwa watoto wasioharisha.