Wali uko ndani, hamu utaikimbilia wapi?

KANDO YA LUMEMO
Na Castory Mgunda

Tangu alipokuwa akiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Profesa Mohamed Janabi amewasihi Watanzania wapunguze wanga na sukari, mpaka jina lake likawa utani wa mezani: ukiongeza wali, unaulizwa kama Janabi anajua. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayenunua mchele kwa kilo, ushauri huo ni mgumu. Hapa Lumemo, kwetu wakulima wa mpunga, ambako gunia la mchele wa supa linalala chumba kimoja na mwenye nyumba, ni mtihani mwingine kabisa.

Wengi wanaoanza mlo wa wanga kidogo huku kwetu wanashindwa mapema, kisha wanaambiwa hawana msimamo. Sikubali. Tazama siku yao: asubuhi chai na kiporo, au vitumbua, mchana wali, jioni wali tena, na ukoko unagombewa. Mama aliyeambiwa kliniki kwamba sukari imepanda ndiye huyohuyo anayepika, anayeonja, na anayekula na wanawe sinia moja. Apike vyungu viwili kwa kuni zipi?

Kosa ninaloliona ni kuondoa wali bila kuweka kitu mahali pake. Mtu anashinda na mchicha na chai kavu, jioni harufu ya mchele mpya inatoka kwa jirani, halafu anajilaumu kwa kumaliza sahani mbili. Ile si tamaa, ni njaa. Aliyeshiba perege au kambale na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, harufu hiyo haimtesi sana. Shida ni bei: mchele uko ndani, samaki ananunuliwa. Ndiyo maana nasema mayai ya kuku wa uani, tunayoyauza ili tupate hela ya sukari, yabaki nyumbani. Na anayekesha shambani akifukuza nguruwe ajue kwamba kukosa usingizi nako kunaongeza njaa.

Wala si lazima wali uhame nyumba. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, walichapisha jaribio dogo la watu 11 wenye kisukari aina ya pili. Chakula kilikuwa kilekile. Siku moja walianza na wanga, siku nyingine wakaanza na kuku na mboga, wanga ukafuata dakika 15 baadaye. Walipotanguliza kuku na mboga, sukari baada ya mlo haikupanda sana kama siku walipoanza na wanga. Watu 11 ni wachache, lakini kujaribu hakuna gharama. Ila tutagombana na malezi yetu: mtoto wa huku anafundishwa kumaliza wali kwanza, samaki amwache mwisho, na anayeanza na kitoweo anaitwa mlafi. Adabu hiyo sasa ina madhara. Tuigeuze.

Wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi wasianze kupunguza wanga kabla ya kuonana na daktari. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukapoteza fahamu. Nendeni kwanza kliniki, iwe Hospitali ya St. Francis au kituo kilicho karibu nanyi, dozi ipangwe upya, ndipo mguse sahani.