Mafua na Mazoezi ya Kwaya

Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa dogo. Hapa Mazinde, mvua za masika zikiisha, ubaridi hushuka kutoka milima ya Usambara na mafua huingia nyumba hadi nyumba. Siku ya mazoezi mama anahisi koo linamkereketa na pua inaanza kuchuruzika, lakini anajitanda khanga na kwenda. Kwa nini? Kwaya nyingi hutoza faini kwa asiyehudhuria, na tena sauti ya kwanza ina watu wanne tu.

Ndani ya koo tunazo nyuzi mbili za sauti. Tukiimba noti za juu hugongana zaidi ya mara 400 kwa sekunde moja. Mafua yakianza kushuka kooni nyuzi hizo huvimba, sauti huwa nzito, na mwimbaji hukaza shingo ili aifikie noti ile ile ya wiki iliyopita. Hapo ndipo anapoziumiza. Mafua ya siku saba yanaweza kumwachia ukwaruzo wa mwezi mzima. Ikiwa ni pua tu iliyoziba, kuimba taratibu kwa muda mfupi nyumbani hakuna neno. Koo likiuma au sauti ikikwaruza, anyamaze. Wala asidhani kunong'ona ni kupumzika, maana kunong'ona kwa nguvu nako huzichosha nyuzi.

Maji, chai ya tangawizi na asali husaidia kutuliza koo (ila asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja). Yai bichi, ambalo waimbaji husifiana sana, hupita njia ya chakula wala haligusi nyuzi za sauti. Pipi za kutia ganzi kooni nazo hudanganya: maumivu hayasikiki, mwimbaji anaendelea kujiumiza. Dawa za antibayotiki haziui virusi vya mafua. Tusizinunue dukani kwa kubahatisha.

Lakini zaidi ya sauti yetu wenyewe, tuwafikirie walioketi karibu nasi. Anayeimba hutoa pumzi nyingi na matone madogo kuliko anayezungumza. Machi 2020, huko Skagit katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliougua UVIKO-19 walikuwa 53, na wawili walifariki. Nasi kwenye mazoezi yetu tuna bibi wenye pumu, na watoto wachanga mgongoni mwa mama zao.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa kwaya waondoe faini kwa mgonjwa. Abaki nyumbani akariri maneno, na mwenzake ampitie baadaye amfundishe sauti.

Mtoto akiambukizwa, tumhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili zikifika 60, wa miezi miwili hadi mwaka mmoja zikifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano zikifika 40, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na mama ambaye sauti yake inakwaruza zaidi ya wiki tatu, hata kama mafua yalishakwisha, aende hospitali akaangaliwe koo.