Tuwasikilize wachezesha vikaragosi wakongwe



Hivi karibuni nilikwenda kituo cha sanaa ya vikaragosi kiitwacho Center for Puppetry Arts, hapa Atlanta, Marekani, kuwasikiliza wachezesha vikaragosi wakongwe. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1978. Jim Henson, mchezesha vikaragosi wa Marekani, alikuja na Kermit, kikaragosi chake cha chura, kukata utepe. Leo makumbusho ya kituo hicho yanahifadhi vikaragosi vya Henson na vya mataifa mengi.

Nilitarajia habari za vikaragosi vyenyewe. Lakini wazee wale walizungumzia mabega. Mchezesha vikaragosi wa televisheni huinua mkono juu ya kichwa kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye skrini iliyo chini, huku akisema. Kidole gumba ndicho taya, nacho hushuka kwa kila silabi. Mmoja wao alivaa soksi tupu mkononi. Soksi ikavuta pumzi, ikatazama kushoto, na ukumbi mzima ukageuka kushoto.

Kermit wa kwanza, mwaka 1955, alishonwa kwa koti kuukuu la mama yake Henson. Macho yalikuwa mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu. Sanaa hii haidai mali nyingi, inadai mkono uliofundwa.

Nasi Afrika Mashariki tunayo hazina. Tanzania ilikuwa na kipindi cha vikaragosi cha Kilimani Sesame. Kenya ilianza kipindi chake cha vikaragosi, The XYZ Show, mwaka 2009. Nawasihi wasimamizi wa makumbusho yetu wawatafute waliovichezesha vikaragosi hivyo, wawaalike wazungumze mbele ya vijana, na wawarekodi. Kikaragosi kabatini hakimfundishi mtu. Anayefundisha ni aliyekichezesha.


Mtanzania, Atlanta