Uchambuzi: Mkono mfukoni si maringo

MUSOMA. WENGI walidhani Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyekuwa na umri wa miaka 51, alikuwa akijivuna aliposimama mkono mfukoni katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Siku hiyo yeye na Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha, bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu mchanganyiko.

Hakuwa akijivuna. Kanuni huruhusu mkono mmoja tu kushika bastola, na ule mwingine ukiachwa uning'inie huyumbisha kiwiliwili. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Mkono ukihama nyuzi moja tu, risasi hupita kando kwa takriban sentimita 17, nje kabisa ya duara zote za alama. Kwa sababu hiyo mlengaji hujipanga kuanzia miguuni: hufumba macho, huinua mkono, kisha hufumbua. Akijikuta ameelekea pembeni, husogeza mguu, si mkono.

Kijana wa Mwisenge aliyepitia JKT Rwamkoma anaijua bunduki, ambayo huegemezwa begani. Bastola haina pa kuegemea. Hata hivyo, kusimama huko kunaweza kufundishwa kwa chupa ya maji mkononi, bila silaha yoyote.

Tatizo ni pa kwenda baada ya hapo. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliuacha ulengaji shabaha huko Birmingham mwaka 2022, na haumo katika ratiba ya Glasgow 2026. Kwa nchi kama yetu, huo ndio uliokuwa mlango wa karibu.