Haki ya Jinai Yataka Wasomi Wenye Dhamiri

Wako wazazi miongoni mwetu, wanaharakati na waumini, wanaosita pindi mtoto wao anaposema kwamba ataka kwenda chuo kikuu kusomea haki ya jinai. Udaktari wanaufahamu, ualimu wanauheshimu, uhasibu wanautamani. Lakini kazi ya polisi, ya gereza na ya mashtaka wanaiona kuwa kazi ya mikono michafu. Hatuwalaumu. Taifa hili limewapa sababu tele za kuwaza hivyo. Hata hivyo, twasema wazi kwamba hofu hiyo ikiachwa iamue, itaukabidhi mfumo mzima wa haki kwa watu wa aina ile ile tuliyoilalamikia miaka nenda miaka rudi.

Tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1980, watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walizuiliwa katika vyumba vya chini ya Nyayo House na kuteswa. Kisha walifikishwa mahakamani, mara nyingi saa za kazi zikiwa zimekwisha, bila wakili; wakakiri makosa na kufungwa. Jambo hili tulitazame kwa makini. Walioendesha mashtaka hayo walikuwa wanasheria waliohitimu, na waliotoa hukumu walikuwa mahakimu waliosoma. Elimu yao haikuwazuia. Basi asije mtu akatuambia kwamba shahada peke yake itatuletea haki. Shahada ni panga: hufyeka shamba, na pia hukata mkono.

Lakini ujinga nao haujapata kumwokoa mtu. Askari asiyejua kutafuta ushahidi hutafuta ungamo, na njia ya mkato ya kulipata ungamo ni kiboko. Ndiyo sababu marekebisho ya sheria ya jinai ya mwaka 2003 yaliwekea ungamo masharti makali. Sheria iliufunga mlango huo. Upelelezi wa kitaaluma ndio mlango mwingine, nao haufunguliwi ila na aliyesomea.

Tutoe mfano. Mwezi Juni mwaka 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walitekwa nyara walipokuwa wakitoka mahakamani Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Wanaharakati waliandamana, mawakili wakagoma, makanisa yakaomba. Julai mwaka 2022, Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na raia mmoja. Miongoni mwa mambo yaliyowafunga ni kumbukumbu za simu, vinasaba, na kijikaratasi kilichotupwa nje ya seli na mmoja wa marehemu. Kilio chetu kiliifanya kesi isizikwe; ushahidi ndio ulioleta hukumu. Twahitaji vyote viwili, nasi kwa muda mrefu tumejua kimoja tu.

Katiba ya mwaka 2010 ilifungua nafasi ambazo wapigania mageuzi wa Saba Saba mwaka 1990 hawakuziona. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitengwa na Mwanasheria Mkuu. Mtu aliyekamatwa alipewa haki ya kufikishwa mahakamani upesi, muda usiozidi saa 24. Mwaka 2011 sheria iliunda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Ofisi hizi zote zahitaji watu, na viti vyake havitakaa vitupu vikitungoja. Swali ni nani atakayevikalia.

Kwa kijana anayejiandaa, tuna maneno machache. Kwanza, ajue anachokitaka. Anayetaka kuwa wakili au mwendesha mashtaka hana budi kupata shahada ya sheria, kisha apitie mafunzo ya uwakili. Shahada ya kriminolojia haitamfanya wakili, hata kama tangazo limepambwa vipi. Lakini yaweza kumfaa katika upelelezi, magereza, probesheni na utafiti. Maabara ya uchunguzi hutaka wanakemia na wanabiolojia. Kabla ya kulipa karo, na ahakikishe kwamba kozi yake yatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Pili, asiidharau kazi isiyo na bunduki wala joho. Tangu sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998, hakimu aweza kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma badala ya kumfunga, na hutegemea taarifa ya afisa wa probesheni. Kurasa chache za afisa huyo zaweza kuamua iwapo mama aliyepika chang'aa atalala Lang'ata au nyumbani na wanawe.

Tatu, asome pia nje ya darasa. Kesi husikizwa hadharani. Na aende Makadara au Kibera, akae kimya, atazame jinsi maskini asiye na wakili anavyojibu shtaka asilolielewa. Hapo atajua ni kwa nini anasoma.

Nne, asinunue kazi. Anayeingia katika utumishi kwa hongo huanza akiwa na deni, na deni hilo hulilipa kutoka mfuko wa mwananchi pale kizuizini barabarani. Mzazi anayeuza shamba ili mwanawe apate nafasi hiyo, na ajue kwamba amemuuza mwanawe pia.

Sasa twageukia makanisa. Mmezoea kuwachangia karo wanaosomea uchungaji. Wachangieni na hawa. Wala msiishie kwenye karo. Afisa kijana akikataa kubadilisha taarifa ya shahidi, aweza kuhamishwa mbali na kwao, au kutengwa na wenzake. Siku hiyo ndiyo atakapojua kama ana ndugu. Parokia itakayomwandikia, itakayomtembelea na kumtafutia wakili, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi.

Mwaka 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na kufukuzwa Uhuru Park, All Saints' Cathedral iliwafungulia mlango. Kina mama wale walidai wana wao watolewe gerezani. Leo twawaomba wazazi wawaruhusu wana wao waingie humo kwa mlango wa mbele, wakiwa na vitabu mkononi na dhamiri kifuani, ili asiwepo tena mama wa kulala uwanjani akidai mwanawe. Makanisa na yawafungulie vijana hawa nao mlango.