Hapana Haiui Mwanamume

Kwa miezi minne nilipanda matatu ya 58 pamoja na dada mmoja wa Buruburu, na kila siku nilishuka bila kusema neno. Hotuba ilikuwa tayari kichwani. Ulimi ukagoma.

Wasee wa base waliniambia dawa ni doo: tafuta pesa kwanza, manzi atakuja mwenyewe. Nakataa. Kilichonifunga mdomo ni kicheko chao wenyewe. Kijana wa mtaani hatongozi peke yake. Anatongoza mbele ya majaji sita walioketi ukutani, wakingoja ajikwae.

Halafu tunadai hofu yetu ndiyo kubwa. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabara za Nairobi wakipinga mauaji ya wanawake. Mwanamke akisema hapana, anatembea hadi nyumbani akiangalia nyuma. Sisi tukiambiwa hapana, tunachekwa wiki moja. Hizo ni hofu sawa kweli?

Hatimaye nilimwambia, pale steji: "Samahani, ningependa tunywe chai Jumamosi."

"Asante, lakini hapana."

Nikasema sawa, nikaenda zangu. Base ilicheka hadi giza likaingia. Kesho yake tulisalimiana kama majirani.

Kwa hivyo, ndugu yangu, achana na wanaokufundisha maneno matamu. Jifunze kwanza kuipokea hapana bila kumtia mtu woga. Ukishaweza hilo, enda umuulize.