*MSIMAMO WA TAWI: NDEGE YA BEI NAFUU ISIMAME KWANZA NYUMBANI, NDIPO IENDE NJE*



Tangu juzi kundi letu limechangamka. Swali ni hili: nchi yetu ikipata tena shirika la ndege la bei nafuu, je, liruhusiwe kukimbilia safari za nje mapema? Wengine mmesema ndiyo, tena haraka. Wengine mmeuliza, "Dirma na ndege wapi na wapi? Shida yetu ni barabara na bei ya mahindi." Uongozi umesoma hoja zote. Tunatoa msimamo huu ili tukifika kikao cha kata tuseme lugha moja.

*1. JAMBO HILI LINATUHUSU*

Watoto wetu wako Dar es Salaam, Mwanza na Zanzibar, na wengine wamevuka bahari hadi Uarabuni. Msiba hausubiri basi la kesho asubuhi kutoka Katesh. Mtakumbuka tulivyochangishana hapa tawini kumsafirisha mwenzetu aliyefiwa mbali. Bei tuliyoiona kwenye tangazo ilitufurahisha. Alipofika kulipa, zikaongezwa kodi, tozo na malipo ya begi. Mchango wote ukaisha, ikabidi tupitishe kofia mara ya pili. Shirika hatulitaji, lakini somo tulilipata: bei nafuu ni ile unayomaliza kulipa, si ile ya kwenye tangazo.

*2. TUSISAHAU FASTJET*

Fastjet ilianza kuruka hapa nchini tarehe 29 Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, kwa ndege za Airbus A319. Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Hilo lilikuwa jema na tunalisema wazi.

Lakini haikupita hata mwaka mmoja. Oktoba 2013 ikaenda Johannesburg. Mwaka 2014 ikaongeza Lusaka, Harare na Entebbe, 2015 Lilongwe, na Januari 2016 Nairobi. Ukiisoma orodha hiyo unaona shirika linalonawiri. Ukisoma hesabu za kampuni mama unaona hasara mwaka hadi mwaka. Ndege za viti zaidi ya 150 zilikuwa kubwa kuliko abiria waliopatikana, na baadaye ikabidi zibadilishwe kwa ndogo. Mafuta, vipuri na kodi ya ndege hulipwa kwa dola, wakati abiria wa Mwanza analipa shilingi. Shilingi ilipoporomoka mwaka 2015, mzigo ukawa mzito zaidi.

Desemba 2018, watu wakijiandaa kurudi nyumbani kwa Krismasi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliipa kampuni notisi kwa sababu ya madeni, na safari zikasimama. Aliyekuwa na tiketi mkononi akabaki na karatasi.

Tunajua wapo wanaosema Fastjet iliangushwa na kufufuliwa kwa ATCL mwaka 2016. Ni kweli ushindani uliongezeka. Lakini hasara ilianza kabla ya hapo. Mwenye nguzo imara hatikiswi na jirani kujenga.

*3. MLANGO WA NJE UFUNGUO ANAO MWENYEWE*

Wakulima wa mbaazi hapa hawahitaji kuelezwa hili. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, na bei huku kwetu ikaanguka hadi wengine wakaona hasara hata kuvuna. Hatukuwa tumekosea chochote shambani. Mlango ulifungwa na mwenye nyumba.

Angani ni vilevile. Ndege haiendi nchi ya watu kwa sababu tu ina mafuta. Inahitaji makubaliano ya serikali mbili na kibali cha mamlaka ya kule. Januari 2024 Kenya iliikatalia ndege ya mizigo ya ATCL haki ya kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi nyingine. TCAA ikajibu kwa kutangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Serikali mbili zikakaa, jambo likaisha ndani ya siku chache, lakini abiria walikwishashikwa na wasiwasi. Juni 2025 Umoja wa Ulaya ukazuia mashirika yote yaliyopewa leseni Tanzania kuruka kwenye anga lake, kwa sababu za usimamizi wa usalama. Shirika linalotegemea safari za nje kulipa mishahara, siku mlango ukifungwa linakufa na njia za ndani pia.

*4. HATUPINGI KWENDA NJE*

Tusieleweke vibaya. Safari za nje zina fedha za kigeni, watalii na soko. Tunachobishania ni mpangilio. Tazameni jirani zetu: Jambojet ilianza Aprili 2014 ndani ya Kenya, na njia yake ya kwanza ya nje, Entebbe, ikaanza 2018. Ni kweli ina Kenya Airways nyuma yake. Hata hivyo ilisubiri karibu miaka minne. Fastjet ilisubiri miezi 11.

Na likiwa ni shirika la umma, tahadhari iwe mara mbili. Kwa mujibu wa ripoti za CAG, ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Fedha hizo ni za mlipakodi, na mlipakodi ni pamoja na mama anayeuza maharage gulioni na kijana wa bodaboda.

*5. TUNACHOPELEKA KWENYE KIKAO CHA KATA*

✅ Shirika la bei nafuu lioneshe kwanza kwamba njia zake za ndani zinajilipa, kwa hesabu zilizokaguliwa, kabla ya kupewa njia za nje.

✅ Fedha ya tiketi ambayo safari yake haijafanyika itunzwe kwenye akaunti maalumu isiyoguswa, ili shirika likianguka abiria arudishiwe chake.

✅ Bei inayotangazwa iwe bei kamili, pamoja na kodi, tozo na begi.

✅ Shirika la umma litoe hesabu ya kila njia ya nje kila mwaka. Njia inayokula bila kuleta ielezwe kwa nini inaendelea.

✅ Njia ya nje inayoanzia KIA ifikiriwe pamoja na mazao ya Manyara, siyo abiria peke yao. Ndege ikiondoka na tumbo tupu la mizigo wakati mkulima wa Mbulu anahangaika kupata soko, faida yake kwetu ni kuitazama ikipita juu ya Mlima Hanang.

Ndugu zetu mliosema shida yetu ni barabara, mko sahihi, na hoja hiyo hatuiachi. Lakini shilingi inayozibia hasara ya ndege na shilingi inayosubiriwa na barabara zinatoka mfuko mmoja. Ndiyo maana lazima tuulize.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye mkutano wa tawi. Hapa kundini tujadiliane kwa staha, bila matusi na bila kutuma habari zisizothibitishwa.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Dirma*
_Mfikishie na mwanachama asiye na simu janja._